Usiku nilioandika madeni yangu yote

Kwenye simu yangu kulikuwa na namba nimezisevu "Usipokee 1", "Usipokee 2", hadi "Usipokee 6". Simu ikiita naangalia jina, naigeuza juu chini, naendelea na nilichokuwa nafanya, ila mwili unabaki umekaza kama dakika kumi hivi na hata nikiongea na mtu simsikii vizuri. Sasa jioni moja nilikuwa naoga, mwanangu ana miaka 7 na ndo ameanza kusoma vizuri, akaja na simu mpaka mlangoni akaniambia "mama, wale wa Usipokee wanapiga, nisipokee eti?" Nilimjibu ndiyo, mwanangu, usipokee, halafu nikafungulia maji yatoke kwa nguvu asinisikie nalia.

Usiku ule ndo nilichukua daftari nikachana karatasi ya katikati nikaanza kuandika.

Dawa ya deni kulipa, hiyo tunaijua wote tangu utotoni. Lakini kabla ya dawa kuna kupimwa, na mimi kupimwa ndo nilikuwa nakukimbia miaka miwili mizima. Ukiniuliza nadaiwa shilingi ngapi nilikuwa sijui, kweli kabisa sijui, nilikuwa na picha tu kichwani kwamba ni kama mishahara yangu minne hivi. Nikaandika nani ananidai, nilichukua kiasi gani, kimebaki kiasi gani, riba ni asilimia ngapi na ni kwa mwezi au kwa mwaka (hapo wengi tunapigwa, sababu asilimia 10 kwa mwezi na asilimia 10 kwa mwaka ni dunia mbili tofauti), halafu tarehe ya kulipa. Ilinichukua siku tatu kumaliza kwa sababu wakopeshaji wawili ilibidi niwaombe steitimenti, na madeni mengine nilikuwa nayakumbuka nikiwa nimelala, nastuka naamka naandika. Yalikuwa madeni 11. Jumla, mishahara 7 na nusu.

Niliiangalia ile jumla nikaijumlisha tena mara tatu. Naomba nisiseme kwamba nilijisikia nafuu, maana watu husema ukishaandika unajisikia nafuu, mimi nilijisikia kutapika. Ila asubuhi yake kuna kitu kilikuwa kimebadilika, deni lilikuwa limeacha kuwa kubwa kama mbingu likawa kubwa kama namba, na namba hata ikiwa mbaya vipi unaweza kuitoa kitu.

Kilichonishangaza ni tofauti ilitoka wapi, kutoka mishahara minne niliyodhani hadi saba na nusu. Sehemu ni faini za kuchelewa. Sehemu ni ile mikopo ya kwenye simu ambayo muda ukifika huna hela unalipa ada ya kuongeza siku, na mimi nilikuwa naongeza kila mwezi nikidhani nalipa deni. Chukulia umekopa 100 na ada ya kuongeza mwezi mmoja ni 15. Ukiongeza miezi minane umeshatoa 120, zaidi ya ulichokopa, na ile 100 iko pale pale haijaguswa. Mimi nilifanya hivyo kwa mikopo mitatu kwa wakati mmoja, wa huyu namlipia wa yule, na kila nikilipa meseji inakuja inaniambia mteja mwema umeongezewa kiwango cha kukopa.

Na ule mkopo mrefu wa mshahara ndo nilikuwa siuelewi kabisa, nakatwa mwaka mzima halafu naambiwa deni limepungua kidogo tu, nikawa nahisi naibiwa. Siku niliyokaa na steitimenti ndo nikaelewa hakuna wizi, ni hesabu ambayo nilisaini bila kuisoma. Ukikopa 1,000 kwa asilimia 2 kwa mwezi, riba inayopungua (yaani unapigiwa riba ya kile kilichobaki tu), ulipe kwa miezi 60, rejesho lako linakuwa karibu 29. Mwezi wa kwanza kwenye hiyo 29, 20 yote ni riba, inayopunguza deni ni 9 tu. Ukimaliza mwaka umeshalipa kama 345 na bado unadaiwa 882. Kwahiyo kama una mkopo mrefu na umepata hela ya ziada, uliza kabla hujailipa, waambie unataka ipunguze deni lenyewe, isihesabiwe kama rejesho la mwezi ujao umelipa mapema, na uliza kama kuna faini ya kulipa kabla ya muda. Mimi mara ya kwanza sikuuliza ikahesabiwa kama rejesho la mbele, haikunisaidia chochote kwenye riba. Pia kuna mikopo ambayo riba haipungui, unapigiwa riba ya kiasi chote ulichokopa mpaka rejesho la mwisho hata kama umebakiza kidogo, hiyo asilimia 10 kwa mwaka ukilipa kila mwezi ndani ya miezi 12 kiuhalisia inakaribia 18. Ukiambiwa asilimia ndogo uliza kwanza inapungua au haipungui.

Sasa nije kwenye deni namba 11, ambalo niliandika la mwisho ingawa ndo la kwanza nililolikumbuka.

Nilipoachishwa kazi ile ya zamani dada yangu mkubwa alinipa hela ya kunivusha miezi mitatu. Hakuniandikisha popote, hakuna riba, alisema tu "ukisimama utanirudishia". Nikasimama, nikapata kazi, sikurudisha. Mwezi wa kwanza niliona hela bado ndogo nisubiri niikusanye nimpe yote kwa heshima, mwezi wa pili hivyo hivyo, ikafika mahali nikaanza kuona aibu kumpigia sababu nitaongea nini bila kutaja hela. Nikawa namtumia meseji za sikukuu tu. Kwenye shughuli za familia nafika nimechelewa naondoka mapema, nikimkuta jikoni natafuta kazi nje. Mwaka na nusu. Ukiangalia kwenye karatasi lile ndo deni rahisi kuliko yote, asilimia sifuri, lakini hakuna deni lililonigharimu kama lile.

Nikampigia. Nilikuwa nimeandika cha kusema kabisa nisije nikazunguka. Nikamwambia dada shikamoo, naomba tuongelee ile hela yako. Akanyamaza mpaka nikadhani imekatika. Halafu akasema, "Mdogo wangu, mimi nilidhani nimekukosea."

Mwaka na nusu dada yangu alikuwa anajiuliza amenifanyia nini. Mimi nilikuwa naamini ananiwazia vibaya kila akilala, kumbe alikuwa anajilaumu yeye. Tukaongea saa nzima na hela tuliiongelea kama dakika tano tu, nikamwambia kila mwezi nitakutumia sehemu moja ya ishirini ya mshahara wangu, ni kidogo lakini haitakosa. Akataka kunisamehe nusu nikakataa, na naona nilifanya vizuri kukataa ingawa nisingemlaumu mtu aliyekubali.

Baada ya hapo kuwapigia wengine kulikuwa kwepesi. Nilipiga mimi, sikusubiri wapige. Hilo ni jambo ambalo natamani mtu angeniambia mapema, kwamba mkopeshaji anayepigiwa kabla ya tarehe ni mtu mwingine kabisa na yule anayekutafuta wewe ukiwa umeshachelewa siku 40. Hesabu yangu ilikuwa hivi, nikitoa kodi, chakula, nauli na ada ya mtoto nabaki na asilimia 22 ya mshahara, na marejesho yote yaliyotakiwa yalikuwa asilimia 38. Haiwezekani, hata nisipokula. Kwahiyo sikuwaahidi nisichoweza, niliwaambia nina kiasi hiki na tarehe hii, mnaweza kufuta faini nikianza kulipa? Wawili walifuta faini. Mmoja alirefusha muda, rejesho likashuka, na hapo ujue riba ya jumla inapanda kwa sababu unakaa nalo muda mrefu zaidi, nilikubali nikijua hivyo. Mmoja alikataa kila kitu na aliongea na mimi vibaya sana, nikauza laptopu nikammaliza huyo kwanza.

Kuna waliosema nichukue mkopo mmoja mkubwa nimalize yote nibaki na deni moja. Unaweza kusaidia kama riba yake ni ndogo kweli ukijumlisha na ada na bima yake, ila nilipopiga hesabu wa kwangu ulikuwa unanipa rejesho dogo kwa miaka mingi zaidi, nikauacha.

Kuhusu uanze na lipi, wenye hesabu zao wanasema anza na lenye riba kubwa na ni kweli unaokoa hela zaidi, wengine wanasema anza na dogo kabisa uone limeisha upate nguvu. Kwangu madogo ya kwenye simu ndo yalikuwa na riba kubwa kwahiyo sikuhitaji kuchagua. Kilichonisaidia zaidi ni kwamba deni likiisha ile hela nilikuwa siirudishi kwenye matumizi, mwezi unaofuata inahamia kwa linalofuata kana kwamba lile la kwanza bado lipo.

Mwezi wa pili niliteleza. Mtoto aliumwa, sina akiba hata kidogo sababu kila senti nilikuwa nimeipeleka kwenye madeni, nikarudi kule kule kwenye simu nikakopa. Nililia kuliko siku ile ya bafuni. Lakini nikaliandika, likawa deni namba 12, na kuanzia hapo kabla ya kulipa mtu yeyote natenga kidogo cha dharura, hata kama kinachelewesha madeni. Bila hicho kidogo kila homa ya mtoto ni mkopo mpya.

Na kama una mdhamini, mwambie. Mimi mfanyakazi mwenzangu alinisainia kwa roho safi na nikishindwa kulipa ni yeye anafuatwa, alikuwa na haki ya kujua hali yangu kabla ya kupigiwa simu na watu wengine. Hayo mazungumzo yalikuwa mafupi na magumu.

Huu ni mwezi wa 14. Yamebaki madeni manne, jumla ni mishahara minne na nusu na kidogo. Zile namba kwenye simu nimezibadilisha zote nikaweka majina yao halisi, mbili nimezifuta kabisa. La dada limebaki miezi sita. Ile karatasi imechanika kwenye mikunjo kwa kufunguliwa kila tarehe ya mshahara, jana nimeinakili upya kwenye karatasi nyingine, safari hii mistari minne tu, na mwanangu alikuwa amekaa pembeni anaandika homuweki yake akaniuliza na mimi naandika nini, nikamwambia mama anaandika watu anaodaiwa nao na amebakiza nani. Akasema, "Ni wangapi?" Nikamwambia wanne.