Soli zangu zimebaki Nyari

Ukitaja matembezi, kila mtu ana ushauri ule ule: tafuta buti nzito, zitakufaa popote. Nimeusikia kwa wenzangu wa kazini, nikausikia kwa muuza viatu, kisha nikausikia kwa mtoto wa mjomba aliyerudi kutoka Uingereza na kuniletea jozi yenyewe. Mimi mjinga nikaamini.

Zilikuwa za rangi ya kahawia, soli nene kama mkate wa boflo. Nikaona ni nzuri mno kuvaliwa ovyo. Nikazirudisha kwenye sanduku lake, nikalisukuma chini ya kitanda, na huko zikakaa karibu miaka 6. Wageni wakija, nazitoa wazione, kisha narudisha.

Siku zilipotoka, zilitoka kwenda Marafa. Ni kama kilomita 30 kutoka hapa Malindi, na huko ndiko liliko lile korongo la Nyari, udongo mwekundu, mweupe na wa waridi uliochongwa na mvua mpaka ukasimama kama minara. Watu wenye akili huenda jioni, jua likishalegea na rangi zikiwaka. Sisi tulifika saa nane mchana.

Nateremka, nahisi chini laini, kama nakanyaga maandazi. Nikasema moyoni, kumbe hii ndiyo raha ya viatu vya ghali! Mara kijana aliyekuwa akituongoza, yeye na akala zake za tairi miguuni, akaniita: "Mama, umeacha kitu." Kugeuka, naiona soli yangu ya kulia imekaa katikati ya njia peke yake, imeelekea mbele, kama inayosubiri mwenyewe arudi. Nyuma yake makombo meusi yamenifuata tangu juu. Sijamaliza kucheka, ya kushoto nayo ikaachia. Nikabaki na ngozi nzuri ya kahawia juu, na chini kitambaa tu, juu ya mchanga unaochoma kama kikaango.

Nilikuwa nimejifunga leso kiunoni. Niliirarua. Anayejua uchungu wa doti kubaki upande mmoja atanielewa. Mara ya kwanza nilikosea, nikafunga fundo chini ya wayo, hatua tatu nikapiga kelele. Fundo likae juu, karibu na kifundo cha mguu, na kitambaa kipite mara mbili chini. Hivyo ndivyo nilivyopanda kutoka Nyari, na watoto wawili wa pale walinisindikiza kwa kicheko mpaka garini.

Fundi wa mtaani kwetu, mzee wa watu, alichukua kipande cha ile sponji ya katikati akakifikicha kwa vidole, kikawa unga. "Mwanangu, hizi hazikufa kwa kutembea. Zimekufa kwa kulala." Kumbe sponji ya namna ile huliwa na unyevu na joto, hata usipovaa, na pwani yetu haina upungufu wa vyote viwili. Nami nilikuwa nimezifungia ndani ya sanduku, hewa haipiti!

Nikanunua akala kwake, kwa bei ndogo kuliko ya doti ya leso. Kwa Marafa sijaona mfano wake, maana miba inayotoboa ndara hadi nyamani, kwenye tairi inakwama hapo hapo. Zikiwa mpya hukata pembeni. Pakaza mafuta ya nazi kwenye mikanda, uvumilie wiki moja.

Basi kiburi kikanipanda. Nikaenda nazo kwenye hori ya Mida, maji yamekupwa, nipite kwenye mikoko. Matope yalizivuta zote mbili, nikaingiza mkono hadi begani kuzitafuta. Na kutembea peku usijaribu, chaza walioshika kwenye mizizi wana makali ya wembe. Dawa yake nimeipata mwenyewe, na hii najivunia: raba kuukuu za kitambaa, zile za kufunga kamba. Pasha msumari moto, toboa matundu kando kando, juu kidogo ya soli. Maji yakiingia yanatoka, hubebi ndoo mguuni. Kamba zikazwe hasa. Ukirudi suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, anika kivulini, kwa sababu jua hukausha gundi. Raba hizo hizo navaa kwenye miamba wakati wa bamvua. Ila ndani ya hifadhi yetu ya bahari, iliyotangazwa tangu 1968, matumbawe hayakanyagwi kwa kiatu chochote.

Msitu wa Arabuko-Sokoke nao una yake. Huko viatu vya kufunika na soksi juu ya suruali. Mwenzangu mmoja alikuja na sandali za mapambo, akakanyaga msafara wa siafu, na ngoma aliyoicheza haina jina.

Lo, nimesahau: viatu vijaribiwe jioni, mguu ukishavimba kwa joto. Vya asubuhi vitakubana mchana.

Juzi mtoto wa mjomba kapiga simu. Anakuja mwezi ujao, anauliza kama aniletee buti nyingine, safari hii za bei zaidi. Nimemwambia aache, akipita Mombasa aninunulie doti ya leso.