Picha ya bibi na trei tatu za dawa

Hii ilikuwa 2009, nakaa Bristol, nina negativu moja tu ya bibi mzaa mama, kapigwa Tanga miaka ya 60 amekaa mlangoni na kanga yake begani. Kopi ya nyumbani, ile ya kahawia kama chai ya rangi, ililowa mvua ikaharibika, mama akaniomba nimsafishie nyingine.

Nikanunua karatasi ya picha ya Ilford Multigrade FB Warmtone nikajua kazi imeisha, si jina lenyewe linasema: Warmtone, rangi yenye joto, kama kahawia. Nikasafisha kwenye Dektol, dawa ya Kodak ya kutokeza picha kwenye karatasi, sehemu moja ya dawa kwa mbili za maji, kwa sababu ndo ilikuwa dawa ya kila siku kwenye chumba cha giza tulichokuwa tunashea, nikaituma posta. Baada ya wiki mbili mama anapiga simu: "Mwanangu, mbona bibi yako kapauka hivi, kama kapakwa majivu?"

Iliniuma. Na alikuwa sahihi.

Kulikuwa na mzee mmoja Mwingereza pale, kazi hii kaifanya maisha yake yote, akaitazama picha akaniambia karatasi haina kosa, dawa ndo kali mno. Akanieleza ile rangi ya kahawia inatoka kwenye chembe ndogo sana za fedha, sasa Dektol ina metoli, kemikali ya kutokeza picha, na kaboneti nyingi ya kuipa kasi, inazikuza chembe haraka mpaka zinakuwa nyeusi tupu, ila ukipunguza ukali, ukaongeza haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kutokeza picha, na bromidi ya kupunguza kasi, zinabaki ndogo na rangi inabaki na joto lake.

Jumamosi iliyofuata nikapanga trei tatu. Dektol, halafu dawa ya Warmtone ya Ilford moja kwa tisa, halafu fomula ya zamani ya Agfa namba 120 ambayo haina metoli kabisa, nikaipima mwenyewe: sulfiti ya sodiamu gramu 60, haidrokwinoni 24, kaboneti ya potasiamu 80, lita moja ya maji, kisha nikaizimua zaidi. Kwenye Dektol uso wa bibi ulitokea fasta. Kwenye ile 120 nilisimama chini ya taa nyekundu naangalia karatasi nyeupe mpaka moyo ukaanza kwenda mbio, ndo nikaona pindo la kanga linajichora taratibu, kisha kivuli cha mlango, kisha macho, na muda wa kuimulika karatasi kabla ya kuitia dawani ilibidi niongeze, kutoka sekunde 14 mpaka 22, la sivyo picha ilitoka imefifia.

Sikuamua usiku ule. Balbu ya pale ilikuwa ya njano, kila kitu kinaonekana cha kahawia, na karatasi ya faiba (ndo hiyo FB) ikikauka inabadilika, inaingia giza kidogo. Nikazitundika, asubuhi nikazipeleka dirishani. Ile 120 ilikuwa na kahawia nzito kuliko zote, nzuri kweli, lakini maua ya kanga yalizama kwenye vivuli, na bibi bila maua ya kanga yake mimi sikumuelewa. Ya dawa ya Warmtone ilikuwa na kahawia kwenye mashavu na mkononi, nyeusi ya mlango ikabaki nyeusi, na jina la kanga linasomeka.

Nikachukua hiyo, nikaiosha saa nzima, nikatuma.

Mama alipopiga hakuitaja rangi hata kidogo. Alisoma jina la kanga kwa sauti, akanyamaza, halafu akauliza kopi ya mama mdogo nitaituma lini.