Kuitengeneza njia ya Morningside

Anayepanda njia ya Morningside, katika milima ya Uluguru, kutoka mjini Morogoro huikuta njia ipo, akaifuata, na wala hapati sababu ya kuuliza nani anaitunza. Mimi mwenyewe niliipita miaka kadhaa bila kuuliza, hadi masika moja nilipokuta kipande cha hatua kama ishirini kimegeuka korongo lenye kina cha magoti, na wapitaji wameshachonga njia nyingine pembeni, ndani ya shamba la migomba la watu. Tangu hapo nimekuwa miongoni mwa watu wachache tunaojitolea kupanda na majembe Jumamosi mbili kabla ya vuli na mbili nyingine kabla ya masika.

Kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya maji. Miguu ya watu hulegeza udongo na kuifanya njia iwe chini kuliko ardhi iliyo kando yake. Mvua ikinyesha, maji huifuata kwa kuwa ndiko kuliko chini, na kadiri yanavyoteremka bila kuzuiwa ndivyo yanavyopata mbio na nguvu ya kubeba udongo. Dawa ni kuyatoa njiani mapema, yakiwa bado machache. Tunachimba mfereji mfupi unaokatiza njia kwa mshazari kuelekea bondeni, tunapanga mawe upande wake wa chini, kisha tunaufungulia mdomo mpana mahali penye majani mengi, ili maji yatawanyike yasije yakaanzisha korongo jingine. Mwaka wa kwanza tulichimba mifereji iliyokatiza njia bila mshazari wowote, na mvua mbili tu zilitosha kuijaza, kwa sababu maji yaliyokosa mteremko yalituama na kuacha mchanga wake wote humo. Tulipoilaza upya, ilianza kujisafisha yenyewe.

Kinachochosha zaidi ni mawe. Jiwe linalofaa ni lile ambalo watu wawili hulibingirisha kwa shida kwa mtaimbo, na sehemu yake kubwa lazima ifukiwe, kwani jiwe lililowekwa juujuu hung'olewa na mtu wa kwanza kulikanyaga akiwa na mzigo. Tukishalishindilia udongo, mmoja wetu husimama juu yake na kujitikisa. Likicheza hata kidogo, linatolewa na shimo linachimbwa upya, hata kama jua limeshakuwa kali na kila mtu anataka kushuka.

Njia hii, kabla ya kuwa ya watalii wanaokwenda kulitazama jengo la zamani la Wajerumani, ni njia ya watu wa vitongoji vya juu wanaoshusha ndizi na mboga sokoni. Jumamosi moja alitukuta bibi mmoja mwenye mkungu kichwani. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Mmetumwa na nani, wanangu?" Tulipomwambia kwamba hatukutumwa na mtu, alitua mkungu na kutuangalia kwa muda. Mama yake, alisema, alichimbishwa matuta na Waingereza, na hakuwahi kulisamehe jambo hilo. Nilimwelewa, kwa kuwa katika milima ya Uluguru jembe la kuchimbia mlima lina historia: amri ya kikoloni ya kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ndiyo iliyozua ghasia za mwaka 1955. Nadhani kila anayekuja kujitolea hapa angepaswa kuifahamu habari hiyo kabla hajashika sururu, na kabla hajamweleza Mluguru namna ya kuutunza mlima wake. Bibi yule ndiye aliyetuonyesha mahali ambapo maji yalikuwa yakitokea zamani, karibu na mkuyu, na mfereji tuliouchimba hapo haujawahi kuziba.

Juu zaidi ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, na humo hatugusi kitu bila kibali. Lakini udongo unaobebwa kutoka kwenye njia hauna mpaka. Unaingia vijitoni, na mito ya milima hii ndiyo inayoulisha Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Siwezi kudai kwamba mifereji yetu michache inaubadilisha mto mzima. Ninachoweza kusema ni nilichokiona.

Aprili iliyopita nilipanda mvua ikinyesha, nikasimama kwenye mfereji wa saba. Maji yalikuja njiani yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yakagonga mawe, yakageuka, yakapotelea majanini, na hatua mbili chini ya hapo njia ilikuwa imelowa tu, bila mkondo wowote. Mfereji wa nane bado unavuja pembeni mwa jiwe la mwisho, na huo ndio tutakaoanza nao Septemba.