Ridhaa Iwe ya Dereva, Isiwe ya Kadi ya Gari

Kifaa cha kufuatilia gari siku hizi huenea kiganjani, na chenye sumaku kinaweza kukaa chini ya bampa kwa wiki kadhaa bila dereva kujua. Aliyekitega hujua mtu analala wapi, anasali wapi, anatibiwa wapi na amekwenda kwa wakili gani, kwa hiyo sikubaliani kabisa na wanaoliita jambo hili wivu wa kawaida wa ndoa.

Nchini Marekani kila jimbo lina sheria yake. California ilikataza ufuatiliaji huo mwaka 1998, kwa kifungu cha 637.7 cha sheria yake ya adhabu, na mpelelezi binafsi akikivunja anaweza kupokonywa leseni. Hapo naipongeza. Hata hivyo, katazo hilo haligusi gari ambalo mmiliki wake aliyesajiliwa ameridhia lifuatiliwe, na maana yake ni kwamba mume ambaye jina lake peke yake limo kwenye kadi ya gari anaweza kulitegea gari analoendesha mkewe kila siku, na kifungu hicho kisimguse. Mke hubakiwa na sheria ya kuandamwa, ambayo humtaka athibitishe pia kwamba ametishwa. Lakini anayefuatiliwa kwa siri atathibitishaje tishio ambalo hajalisikia?

Florida, iliyotunga sheria yake mwaka 2015, ililiona jambo moja muhimu: ridhaa ya wanandoa waliokubaliana kufuatiliana huhesabiwa kuwa imeondolewa pale mmoja wao anapofungua shauri la talaka au kuomba amri ya mahakama ya kumlinda dhidi ya mwenzake. Naiona hii kuwa busara kubwa, kwa kuwa wakati mtu anapoondoka ndipo anapohitaji zaidi asijulikane aliko. Mwaka 2024 jimbo hilo liliongeza uzito wa kosa, ambalo awali adhabu yake haikuzidi siku 60 za kifungo na sasa inaweza kufika miaka 5.

Polisi nao walikwisha kuwekewa mpaka. Katika kesi ya Marekani dhidi ya Jones, mshukiwa ambaye polisi walimfuatilia kwa siri, iliyoamuliwa tarehe 23 Januari 2012, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba kulitegea gari kifaa cha GPS na kulifuatilia kwa siku 28 bila kibali halali ni upekuzi unaoguswa na Katiba. Gari lile lilisajiliwa kwa jina la mke wa Jones, lakini hilo halikumnyima yeye, aliyekuwa akiliendesha, ulinzi wa Katiba.

Ikiwa kadi ya gari haikuwa kizuizi mbele ya dola, sioni kwa nini California iifanye kizuizi kati ya mume na mke. Kifungu kirekebishwe, ridhaa iwe ya mtu anayeliendesha gari kwa kawaida. Mwenye malori anayetaka kujua mzigo wake ulipo hatapoteza chochote kwa kumwambia dereva waziwazi, kabla hajakabidhiwa ufunguo, kwamba gari lina kifaa, na kumpa karatasi aisome na kutia saini.