Mwaka wa kwanza chuo: hizi wiki za mwanzo msimwache peke yake

Matokeo yakitoka na kijana akapata chuo watu wote wanashangilia, na wana haki ya kushangilia, ila mi huwa najiuliza kitu kimoja, kuanzia sasa huyu atakumbushwa na nani? Maana sekondari kulikuwa na kengele, kulikuwa na mwalimu wa darasa anayemjua kwa jina, kuna mahudhurio yanaitwa kila asubuhi, daftari lisipokusanywa kuna mtu anauliza, nyumbani nako kuna mtu anasema zima hiyo simu ulale. Chuo hivi vyote vinaondoka kwa mpigo. Lekchara anaingia, anafundisha, anatoka, asaimenti imeandikwa kwenye ile karatasi ya maelezo ya kozi uliyopewa siku ya kwanza na hakuna atakayekuja kukuambia kesho ndo mwisho, ukikosa vipindi wiki nzima maisha yanaendelea tu kama kawaida mpaka siku matokeo ya semista yanabandikwa.

Mimi nawakochi vijana wa kipindi hichi hichi, wanaotoka sekondari kuingia chuo, na kitu ninachokiamini kabisa ni kwamba wengi wanaoanguka mwaka wa kwanza hawajaangushwa na ugumu wa masomo. Masomo magumu yapo, sikatai. Lakini ukikaa na kijana mwenye sapu (mitihani ya kurudia) za kutosha ukamsikiliza bila kumfokea, unakuta alikuwa anaelewa vizuri tu darasani, tatizo ni kwamba ile kazi yote ya kupanga siku, kukumbuka tarehe, kuamua aanze na nini, ilikuwa inafanywa na watu wengine kwa miaka yote na hakuna aliyewahi kumkabidhi. Sasa amekabidhiwa siku moja, mahali pageni, katikati ya watu asiowajua. Na watu wanasema kashakuwa mtu mzima atajua mwenyewe.

Kukochi ni kumsaidia akabidhiwe hiyo kazi taratibu. Simfundishi hesabu wala kemia, kuna watu wa tuisheni kwa hilo. Simpangii maisha pia. Namuuliza maswali, nasubiri ajibu, na wiki inayofuata namuuliza tena yale yale aliyosema mwenyewe kwamba atafanya. Hiyo ya kuuliza tena ndo nusu ya kazi.

Mazungumzo yenyewe yanakuwaje? Kijana anasema "wiki hii nitasoma sana." Namwambia sawa, utasoma nini? "Takwimu." Takwimu ipi? "Ile ya probabiliti." Siku gani? "Jumanne." Jumanne saa ngapi? Hapo ananyamaza kidogo, anafungua ratiba, anaona Jumanne ana vipindi mpaka saa kumi na baada ya hapo kuna mkutano wa kikundi, anasema basi Jumatano saa mbili asubuhi. Utakaa wapi? "Laibrari, ghorofa ya juu." Na ukifika unaanza na swali gani? "Lile la 4, ndo lilinishinda." Sasa hapo tumepata kitu. Ile "nitasoma sana" haikuwa mpango, ilikuwa nia njema. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika kuhusu hili mwaka 1999, kwamba mtu aliyeamua mapema ni wakati gani na mahali gani atafanya jambo ana nafasi kubwa zaidi ya kulifanya kuliko mwenye nia tupu, na mi naliona kila wiki kwa macho yangu.

Zoezi lingine ninalolipenda ni la masaa 168. Ndo masaa yaliyopo kwenye wiki, ya kila mtu. Tunachukua karatasi tunatoa usingizi wa masaa 8 kila siku, hayo ni 56. Tunatoa vipindi, tuseme 15. Kisha kujisomea, na hapa ndo vijana wanashtuka, maana kanuni inayotajwa sana vyuoni ni masaa mawili ya kusoma mwenyewe kwa kila saa moja ya darasani, kwahiyo tunatoa mengine 30. Yamebaki 67. Kuna anayefurahi kwamba kumbe muda upo, na kuna anayeuliza sasa hayo 67 huwa yanaenda wapi, na swali hilo akijiuliza mwenyewe lina nguvu kuliko hotuba yoyote ningempa kuhusu simu. Tukimaliza hapo tunachukua karatasi za maelezo za kozi zote, tunahamisha kila tarehe kwenye kalenda moja, testi, asaimenti, presentesheni, kila kitu. Mara nyingi zinalundikana wiki ya saba au ya nane. Kijana akiliona hilo wiki ya pili ana nafasi ya kuanza moja mapema. Akiliona wiki ya saba hana ujanja, atakesha, atakopi, au ataacha moja ife.

Kuhusu kusoma kwenyewe nagusia kidogo tu. Njia iliyompitisha sekondari, kurudia rudia notsi na kupiga mistari ya rangi, chuo inamwangusha kwasababu inampa hisia kwamba anajua. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 walilinganisha wanafunzi waliosoma andiko kwa kulirudia na waliosoma halafu wakajipima bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia walikuwa wanakumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima ndo wakawa mbele. Kwahiyo namwambia kijana funga daftari, niambie ulichosoma. Akikwama, pale alipokwama ndo pa kusoma leo.

Lakini kabla hata ya kufika huko kuna kipindi ambacho karibu kila mtu anakisahau, kile cha katikati, shule imeisha na chuo hakijaanza. Kule Marekani watafiti Ben Castleman na Lindsay Page wamekifuatilia sana, wakakuta kuna vijana wamemaliza, wamekubaliwa chuo, wamesema wanaenda, halafu chuo kinafunguliwa hawapo. Makadirio yao yalikuwa kati ya asilimia 10 na 40 kutegemea na eneo, na waliopotea zaidi ni wa familia zenye kipato cha chini. Sababu zenyewe si kubwa kihivyo, fomu ambayo haijajazwa, bili asiyoielewa, nafasi ya bweni iliyopita tarehe, na shule ya zamani imeshafunga, chuo kipya hakijamjua bado, kwahiyo hana pa kuuliza. Walijaribu hadi kutumia meseji za kawaida za simu za kumkumbusha mwanafunzi hatua inayofuata na kumpa mtu wa kumuuliza, na kwa baadhi ya maeneo zilisaidia. Meseji tu jamani! Hili linaniuma kwasababu ni kitu kinachowezekana na hakifanyiki. Kama unaweza kumsaidia kijana mmoja tu, mkamate hapo, mwezi au miwili kabla ya chuo kufungua, kaa naye mpitie barua ya kujiunga mstari kwa mstari.

Na je, kukochi kunafanya kazi kweli au ni maneno matamu? Swali la haki. Utafiti ninaouamini ni wa Eric Bettinger na Rachel Baker, walichukua takwimu za wanafunzi zaidi ya 13,000 Marekani ambapo waliopata kochi walichaguliwa kwa bahati nasibu, wengine hawakupata. Kochi alikuwa anampigia simu mwanafunzi mara kwa mara, wanaongea malengo, muda, masomo, na mambo ya nje ya masomo. Waliokochiwa walibaki chuoni zaidi, tofauti ya kama pointi 5 za asilimia, na mwaka mmoja baada ya simu kuisha tofauti bado ilikuwepo. Wengi wao walikuwa watu wazima kuliko hawa wetu wanaotoka sekondari moja kwa moja, hilo nalisema ili mtu asije akadhani namficha. Pointi 5 ni watu 5 katika kila 100 ambao wangeondoka na hawakuondoka, mi kwangu ni wengi.

Ila kochi peke yake hatoshi, na yeyote anayekuuzia kwamba anatosha mkimbie. Kijana asiye na ada au nauli hataokolewa na kalenda nzuri. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kina programu inaitwa ASAP, ilianza 2007, ambayo inampa mwanafunzi mshauri wa kuonana naye mara kwa mara tena kwa lazima, na pamoja na hayo inamsaidia vitabu, nauli, na sehemu ya ada iliyobaki. Ilipopimwa kwa kuchagua wanafunzi kwa bahati nasibu, waliokuwa ndani asilimia 40 walimaliza ndani ya miaka mitatu, walioachwa nje asilimia 22. Unaona tofauti, mtu wa kukufuatilia na hela ya nauli vimekwenda pamoja.

Kuna kundi ambalo naomba nilitaje kwa namna ya pekee, vijana wenye ADHD (shida ya kutulia na kuweka akili sehemu moja), disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), matatizo ya kusikia, wasiwasi uliopitiliza, na wengine wa namna hiyo. Sekondari mara nyingi mzazi na mwalimu ndo wanaowasemea. Chuo kanuni inageuka. Marekani kwa mfano shule ndo yenye wajibu wa kumtambua mtoto mwenye uhitaji, lakini akiingia chuo ni mwanafunzi mwenyewe anatakiwa ajitokeze, aseme, apeleke vyeti, aombe muda wa ziada kwenye mtihani. Vijana wengi hawajui, na wanaojua wanaona aibu. Hapa tunafanya mazoezi kabisa. Nakaa kama mimi ndo ofisa, yeye anaingia anajieleza. Mara ya kwanza anaongea akiangalia chini, anaomba samahani kabla hajasema shida yake. Tunarudia mpaka anasema moja kwa moja, "nina disleksia, vyeti vyangu hivi hapa, naomba dakika za ziada na nakala ya slaidi kabla ya kipindi." Sentensi moja. Akiweza kuisema kwangu ataisema kule.

Wazazi, nawaelewa, mnalipa na mna wasiwasi. Lakini swali la "umesoma?" kila jioni halimsaidii mtu, atajibu nimesoma. Muulize "wiki hii nini kinakusumbua?" halafu vumilia kimya chake, usirukie kutatua. Na yale anayoniambia mimi mnisamehe sitawaletea, labda iwe maisha yake yako hatarini, hapo sitanyamaza na yeye mwenyewe huwa namwambia hivyo siku ya kwanza kabisa. Akijua siri inavuja atanipa majibu yale yale anayowapa nyinyi.

Kama chuo hakina kochi na hamna uwezo wa kumlipa mtu, tafuta aliyeko mwaka wa tatu wa kozi hiyo hiyo, mtu mtulivu asiyependa kujisifu, akubaliane na kijana dakika 20 kila wiki, siku ile ile saa ile ile. Maswali matatu yanatosha, ulisema utafanya nini, kimekwenda vipi, wiki hii unafanya nini na lini. Na wewe wa mwaka wa tatu, fanyeni hivyo kila wiki mpaka testi za kwanza zirudi, kama wiki ya sita hivi, mkae na zile karatasi mwangalie maksi zimepotelea wapi, baada ya hapo mnaweza kuonana kila wiki mbili, na semista ya pili kijana ndo awe anakutafuta akiwa na uhitaji. Akianza kuja kwenye kikao na kalenda ameshaipanga, maswali ameshajiuliza na anakueleza tu, mpunguzie vikao hata kama bado unapenda kukaa naye.