Mtungi wa maji na Zaburi ya 133

Nilifika chuo cha theolojia hapa Malindi nikiwa mwinjilisti wa miaka sita, mtu wa mikesha na mikutano ya uwanjani, sauti imeshakwaruzwa na vipaza sauti. Kwenye mambo ya sala nilijiona si wa kufundishwa. Kigiriki kilinisumbua kama kinavyowasumbua wote, tukaenda nacho hivyo hivyo. Kilichonitoa jasho ni Sala ya Asubuhi.

Utaratibu wetu ulikuwa wa Kianglikana. Zaburi zote 150 zimegawanywa kwa siku 30, fungu la asubuhi na fungu la jioni, mwezi ukiisha mnaanza upya. Mabenchi ya kanisa la chuo yanatazamana. Upande mmoja unasoma mstari, upande wa pili unapokea. Tena katikati ya kila mstari mnatua, pumzi moja, ndipo mnamalizia. Hiyo pumzi moja ndiyo iliyonishinda. Mimi nilikuwa nimeshafika mwisho wa mstari, wenzangu bado wako kwenye "Ee Bwana". Mwalimu wa ibada hakunikemea. Alisema tu, "Mwinjilisti, tungoje na sisi."

Tarehe 15 jioni ni Zaburi ya 78 nzima, mistari 72. Mmesimama, stima imepotea, kanzu imeganda mgongoni. Sidhani kama kuna mchungaji wa Pwani anayeisahau tarehe hiyo.

Chumbani nilipangwa na mtu wa Taita, mkubwa kwangu, mwenye ndevu nyingi alizozipaka mafuta ya nazi kila alfajiri mpaka ziwake. Kiangazi hicho maji ya mfereji yalikuja mara mbili kwa wiki, na ya kisima yalikuwa ya chumvi, sabuni haitoi povu. Nikajaza mtungi wangu wa lita 20 kwa jirani, nikaubeba begani, nikauficha mvunguni. Alasiri narudi darasani, nauvuta: mwepesi. Nje kwenye kamba kuna kanzu nyeupe inachuruzika. Jumapili ilikuwa zamu yake kusoma somo, akataka awe safi. Kwao milimani maji hutiririka mchana kutwa, hakuona kosa.

"Ni maji tu, ndugu yangu," akaniambia.

Nilichomjibu sikiandiki hapa. Nadhani hata wanafunzi wa kwanza wa Frere Town, ile shule ya wachungaji iliyoanzishwa Mombasa kabla ya kuhamia Limuru, waligombania maji. Pwani ni ileile.

Basi tukanuniana. Vitanda viwili, hatua tatu kati yake, hakuna salamu. Zamu ya vyombo tulipangwa pamoja: yeye anasugua masufuria, mimi nasuuza, kimya kabisa, kama watu waliofiwa. Na kanisani benchi lake lilitazamana na langu. Tarehe 22 jioni ikaangukia Zaburi ya 109, ile ya laana: siku zake na ziwe chache, wanawe na wawe yatima. Nakiri kwamba siku hiyo nilitua vizuri kuliko wakati wowote, pumzi kamili kila mstari, nikimkazia macho. Mwalimu wa ibada akatikisa kichwa kwa furaha, akidhani nimeiva.

Siku mbili baadaye tulikuwa na siku ya kimya. Tukaenda kukaa kwenye lile kanisa dogo la Wareno kando ya bahari, la paa la makuti, penye makaburi. Fransisko Xavier, yule mmisionari Mkatoliki, alipita Malindi 1542 akielekea Goa, na mtu mmoja wa msafara wake akazikwa hapa. Kwenye barua yake anasimulia kwamba mkubwa mmoja wa mji, Mwislamu, alimuuliza kama Wakristo huko kwao wanasali kwa bidii, maana hapa misikiti ilikuwa 17 na iliyokuwa na watu ni mitatu tu. Swali hilo lilinikaa kooni siku nzima. Siku hizi adhana ya alfajiri inatangulia kengele yetu, na mama wa mahamri anakuwa ameshasali, ameshakanda na ameshachoma, sisi ndio kwanza tunatafuta viatu. Nami hata nilipowahi, nilichokuwa nikikiwaza nimepiga magoti ni mtungi.

Tarehe 28 asubuhi ilikuwa zamu yangu kuongoza. Tukamaliza Zaburi ya 132, ikaja 133, ile ya ndugu kukaa pamoja. Mstari wa kwanza niliusoma kama mtu anayesoma tangazo la mazishi. Upande wa pili ukapokea: mafuta mazuri kichwani, yanashuka ndevuni, ndevu za Haruni. Wakatua.

Ndani ya ile pumzi moja, jua lilikuwa limeingia dirishani likamwangukia mwenzangu kidevuni, ndevu zimelowa nazi, zinameremeta. Mtu wa nyuma akakohoa. Mwenzangu akajishika ndevu polepole, kama anayehakikisha. Kicheko kikanitoka, tena kile cha sokoni. Yeye akainamia benchi, mabega yanatikisika, na kanisa zima likatufuata. Mstari wa mwisho, wa umande wa Hermoni, siku hiyo haukusomeka.

Kwenye chai akanisogezea kikombe. "Mwinjilisti, nisamehe kwa yale maji. Sikujua kuwa hapa yanabebwa." Nami nikamwomba radhi kwa ulimi wangu. Jioni nikakuta mtungi umejaa mpaka shingoni.

Kutua pia nilijifunza kwake. Ana pumzi nzito inayosikika hadi benchi letu. Akivuta, nami navuta, na mpaka namaliza chuo sikuhitaji kuambiwa ningoje tena.

Habari ya Zaburi ya 109 nilimficha hadi muhula wa pili. Nilipomwambia, akasema alikuwa akijua: jioni ile naye alikuwa akinisomea mimi.