Faili Tatu Zenye Jina Moja

Nilikuwa nikitafuta picha moja tu ya bibi, ile aliyopigwa akiwa ameketi kando ya dirisha, nuru ya asubuhi imemwangukia bega la kushoto. Jina la faili nililijua bila kubahatisha, kwani nilikuwa nimeliandika kwa kalamu nyuma ya nakala iliyochapishwa: IMG_0412. Nilipoliandika katika kisanduku cha kutafutia, kompyuta ikaniletea faili tatu. Ya kwanza ilikuwa kiatu cha mtoto, ya pili risiti iliyopigwa kwa simu, na ya tatu wekundu mtupu wa kidole kilichoziba lenzi. Bibi hakuwemo. Kiatu ndicho kilichokaa ndani ya folda nilimomhifadhi yeye, na ilinichukua muda kukubali kilichotokea: miaka mitatu baada ya picha ya bibi, nilipokuwa nikihamisha picha mpya kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, kompyuta iliniuliza iwapo nataka kubadilisha faili zenye majina yanayofanana, nami nikabofya ndiyo kwa zote huku akili yangu ikiwa kwingine. Picha thelathini na kitu zilifunikwa siku hiyo.

Uzembe ulikuwa wangu, lakini mtego ulikuwapo tangu zamani. Kamera nyingi za dijitali hufuata kanuni iitwayo DCF, iliyowekwa Japani mwaka 1998, ambayo huamuru kila picha iwe na jina la alama nane: nne za mwanzo huchaguliwa na mtengenezaji, nne za mwisho ni tarakimu kuanzia 0001 hadi 9999. Ikishafika 9999, kamera hurudi 0001 na kuanza upya. Ndani ya kadi hakuna tatizo, kwa sababu kanuni hiyohiyo huzigawa picha katika folda zenye namba kuanzia 100 hadi 999, zote zikiwa chini ya folda kuu ya DCIM. Tatizo huanza pale mtu anapozimwaga zote mahali pamoja kwenye kompyuta, akidhani kwamba jina la faili ni kitambulisho, ilhali ni namba ya foleni tu. Mimi nilikuwa na picha zipatazo elfu ishirini na tatu, hivyo namba yoyote ile ilikuwa imeshazunguka zaidi ya mara mbili, na simu nazo zilikuwa zimeongeza IMG zao juu yake.

Nilipokata shauri la kuzipa picha zote majina mapya, nilianza vibaya. Nilitaka majina yanayoeleza kilichomo, nikaandika mambo kama «bibi dirishani nzuri 2» na «safari ya Agosti mwisho kabisa». Baada ya picha mia tatu hivi nilikuwa nimechoka, na kibaya zaidi, nilikuwa nimeanza kujipinga mwenyewe: huku nimeandika «bibi», kule nimeandika jina lake, na picha yenye bibi pamoja na watu wengine watano sikujua niipe jina la nani. Folda nilizozipa majina ya miezi zilinichekesha kuliko zote, kwa sababu kompyuta huzipanga kwa alfabeti, ikawa Agosti inatangulia Aprili, Desemba inafuata, Januari iko katikati, na mwaka unaishia Septemba.

Ndipo nilipofikia uamuzi ambao sijaugeuza hadi leo, kwamba jina la faili libebe tu kile ambacho hakitabadilika kamwe. Maoni yangu kuhusu picha hubadilika, orodha ya watu ninaowatambua ndani yake huongezeka, na tukio nililoliona kubwa wakati ule naweza kuja kuliona dogo. Saa ambayo kilango cha kamera kilifunguka na kufungwa haibadiliki. Kwa hiyo kila picha niliipa tarehe na saa kwa mpangilio wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, ambacho hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kila kimoja kwa tarakimu kamili. Faida yake ni kwamba mpangilio wa alfabeti na mpangilio wa wakati huwa kitu kimoja, popote faili itakapofunguliwa.

Tuchukue faili moja tuisome. 2014-08-15_143207_IMG_0412.jpg inaniambia kwamba picha ya kiatu ilipigwa tarehe 15 Agosti 2014, saa nane mchana na dakika thelathini na mbili, sekunde ya saba. Sifuri iliyo mbele ya 8 haiko pale kwa urembo, kwani bila hiyo programu nyingi zingeuweka mwezi wa kumi mbele ya mwezi wa nane. Baina ya saa na dakika sikuweka nuktapacha, kwa kuwa Windows haikubali alama hiyo katika jina la faili, na nafasi tupu niliziepuka ili jina lisikatike likipitishwa kwenye programu zinazosoma amri. Jina la awali nililiacha mwishoni kwa makusudi. Kamera inayopiga mfululizo hutoa picha kadhaa ndani ya sekunde moja, na namba yake ndiyo inayozitofautisha. Isitoshe, mtu akija na nakala ya zamani yenye jina la zamani, bado naweza kuitafuta.

Swali linalofuata, na ndilo lililonila muda mwingi kuliko yote, ni kwamba tarehe hiyo itoke wapi. Tarehe ambayo kompyuta huionyesha kando ya faili ni ya faili yenyewe, yaani siku iliyoandikwa kwenye diski au kubadilishwa, na mara nyingi hugeuka kwa kunakili tu au kwa kuizungusha picha iliyolala ubavu. Tarehe ya kuaminika zaidi imo ndani ya picha, katika maelezo ya Exif, mfumo uliotoka mwaka 1995, ambao huhifadhi aina ya kamera, mwendo wa kilango, ukubwa wa tundu la lenzi na wakati wa kupiga. Hata hivyo, Exif huandika kile ambacho saa ya kamera inasema, na saa ya kamera inaweza kusema uongo. Hadi toleo la mwaka 2016 Exif haikuwa na hata sehemu rasmi ya kuandika tofauti ya majira ya saa, hivyo kamera iliyovuka mipaka bila kurekebishwa huendelea kuandika saa ya ilikotoka.

Nilikuwa na picha mia mbili na arobaini za mchana kweupe ambazo Exif ilidai zilipigwa usiku wa manane na alfajiri. Nilizipitia moja moja hadi nikakuta iliyonisaidia: chumba, watu wawili wanacheka, na nyuma yao ukutani saa ya mishale inayoonyesha saa nne na dakika ishirini asubuhi. Exif ya picha hiyo ilisema 03:20. Tofauti ilikuwa saa saba barabara, nikaziongeza kwa picha zote za kundi lile kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo kila ninapoanza safari hupiga picha moja ya saa ninayoiamini. Ni picha mbaya isiyo na mtu, na pengine ndiyo yenye manufaa kuliko zote katika kundi zima.

Picha zilizopitia WhatsApp ni habari nyingine. Programu hiyo huzipunguza ukubwa na kuziondolea maelezo ya Exif, kisha kwenye simu za Android huzipa majina ya mtindo wa IMG-20190412-WA0007, ambapo tarehe ni ya siku picha ilipotumwa au kupokelewa. Picha ya utotoni ya mjomba iliyotumwa jana itavaa tarehe ya jana. Hizo nimezitenga katika folda yake, na ninapoweza humwomba aliyenitumia aniletee faili halisi.

Kazi yenyewe niliifanya kwa ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey inayoendeshwa kwa amri za kuandika. Haina vitufe wala urembo, na mara ya kwanza inatisha kidogo, lakini ina sifa mbili ambazo zingemwokoa bibi. Ya kwanza, inakataa kubadilisha jina la faili iwapo kuna nyingine yenye jina hilo mahali inapoelekea. Ya pili, inaweza kukuonyesha majina yatakavyokuwa kabla haijagusa chochote, nawe ukasoma orodha kwa utulivu. Niliisoma orodha hiyo mara mbili kwa kila folda. Kabla ya hapo nilikuwa nimenakili kila kitu kwenye diski mbili za nje, na moja nikaichomoa nikaiweka kabatini, kwa sababu diski iliyounganishwa na kompyuta wakati wa kazi kama hii inaweza kuharibiwa na amri ileile.

Pamoja na tahadhari hizo zote, niliteleza. Programu za maktaba ya picha ziko za aina mbili, na mtu asipojua ana ya aina gani ataumia. Zipo zinazoziacha faili mahali pake kwenye diski na kuweka kumbukumbu ya zilipo, kama vile digiKam na Lightroom Classic. Zipo pia zinazoweza kuzimeza faili ndani ya hazina yao, kama ilivyo kwa programu ya Photos ya kompyuta za Mac katika mpangilio wake wa kawaida. Humo ukiipa picha kichwa kipya, kichwa ndicho kinachobadilika, faili iliyo ndani haiguswi, na kuingia humo kwa mkono kubadilisha majina ni kuharibu hazina. Yangu ilikuwa ya aina ya kwanza, nami nikabadilisha majina ya folda nzima kutoka nje, bila kuipitia. Nilipoifungua nikakuta visanduku vya kijivu elfu nne vyenye alama ya kuuliza. Picha zilikuwa salama kwenye diski, ila programu ilizitafuta kwa majina ya zamani, na nyota nilizozipa pamoja na marekebisho ya rangi yakabaki yananing'inia bila picha. Niliirudisha nakala ya kabatini, nikaanza tena, safari hii nikitumia sehemu ya kubadilisha majina iliyo ndani ya programu yenyewe, ambayo ilikuwepo siku zote.

Kubadilisha ndani kulinifaa kwa jambo jingine nisilolitarajia. Kamera yangu hutoa faili mbili kwa kila picha, moja ghafi, yaani data ya kamera kabla ya kuchakatwa, na moja ya JPEG, na programu huongeza faili ndogo ya tatu yenye jina linaloishia kwa .xmp inayohifadhi marekebisho. Tatu hizi hutambuana kwa jina peke yake. Ukibadilisha moja ukaziacha mbili, umeivunja familia.

Kuhusu folda sina mengi. Ninazo za miaka, na ndani yake za miezi kwa namba, basi. Majina ya watu, mahali na matukio nimeyaweka kama lebo, na hapa nina msimamo mkali: lebo ziandikwe ndani ya picha yenyewe, katika sehemu za IPTC au XMP, ambazo ni mifumo ya kuhifadhi maelezo ndani ya faili ya picha, zisibaki kwenye hifadhidata ya programu peke yake. Programu huja na kuondoka. Apple iliiacha iPhoto mwaka 2015, Google ikafuata mwaka 2016 kwa kuisimamisha Picasa, na kilichokaa kwenye hifadhidata za programu hizo pekee hakikuwa na hakika ya kuhama chote. Programu nyingi huwa na mahali pa kuchagua maelezo yaandikwe kwenye faili, lakini si zote huliwasha jambo hilo bila kuombwa, kwa hiyo inafaa mtu akague mipangilio kabla ya kuanza kuandika lebo elfu mbili.

Mwisho nilizirudia picha za karatasi, ambazo nilikuwa nimezikwepa. Mashine ya kuskani huandika siku ya kuskani, hivyo picha ya harusi ya mwaka 1974 ilikuwa imekaa katikati ya picha za mwaka jana. Pale ambapo mwaka unajulikana lakini mwezi na siku havijulikani, mimi huandika 1974-00-00, na sifuri hizo huipeleka picha mwanzoni mwa mwaka wake, mahali ambapo naiona na kukumbuka kwamba bado ina deni.

Miongoni mwa karatasi hizo ilikuwemo ile nakala ya bibi, yenye mwandiko wangu nyuma na bila tarehe yoyote. Nilikuwa tayari kuiandikia sifuri. Lakini folda zilipokwisha kupangwa kwa wakati, nikagundua kwamba jirani zake wawili, 0411 na 0413, walikuwa wamenusurika: picha mpya zenye namba hizo nilikuwa nimeshazifuta ndani ya kamera kabla ya kuzihamisha, kwa hiyo hapakuwa na cha kuwafunika. Ya kwanza ni dirisha lilelile na kiti kitupu, 2011-06-19_081450. Ya pili ni bibi tayari amesimama, kichwa kimekatwa na ukingo wa picha, mkono umenyooka kunizuia nisiendelee, 2011-06-19_081602. Nikaiskani karatasi, nikairekebisha tarehe ya ndani, na kati ya hizo mbili nikaiweka 2011-06-19_0815_IMG_0412_skani.jpg, bila sekunde.